Wino Mwekundu wa Sindano

Mwalimu wa hesabu alianguka mbele ya ubao siku ya Ijumaa, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, chaki ikiwa bado mkononi. Wanafunzi wa mbele walidhani ameteleza. Aliyekimbia kumwinua ndiye aliyeuona mkono wake wa kulia: umevimba kuanzia kwenye kiwiko hadi vidoleni, na bandeji imelowa usaha. Chini ya bandeji hiyo kulikuwa na tatuu ya siku mbili, alama ya pai ile ya hesabu za duara, iliyochorwa kwa wino mwekundu. Mwalimu alikuwa amejipa zawadi hiyo kwa kutimiza miaka hamsini.

Saa tano na robo, daktari wa ngozi wa hospitali kuu alipiga simu kituo cha polisi akamwomba Inspekta aje mwenyewe.

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mzito wa kutembea, mwepesi wa kusikiliza. Kituoni walimwita Kupe, si mbele yake, lakini alijua na hakuchukia. "Kupe haumi ovyo," alimwambia Sajini wake siku moja. "Ila akishauma, ukimvuta utabaki na kiwiliwili tu."

Daktari aliwapokea mlangoni mwa wodi.

"Mwalimu ni wa tatu wiki hii," alisema. "Wa kwanza alikuja Jumatano, dereva wa lori, ua kifuani. Wa pili jana jioni, mpiga picha, samaki mguuni. Leo huyu. Wote wamechorwa na mtu mmoja, yule anayeitwa Sindano. Na wote wameungua palipo na rangi nyekundu tu. Mistari myeusi iko shwari."

"Aleji?" Sajini aliuliza. "Dada yangu akila dagaa huvimba mdomo kama bata."

"Rangi nyekundu ndiyo inayoongoza kwa mzio, kweli. Lakini mimi sijasema ni mzio." Daktari alivua miwani akaifuta kwa koti lake jeupe. "Mzio huchagua watu, Sajini. Ukiwachora watu mia wino uleule, labda mmoja ngozi yake itaukataa, tena mara nyingi baada ya wiki au miezi. Hawa ni watatu kwa watatu, na kila mmoja aliungua ndani ya saa chache. Kitu kisichochagua namna hiyo tunakiita jina jingine."

"Sumu," alisema Inspekta.

"Sijasema. Nitakata kipande kidogo cha ngozi kwa kila mmoja nikiangalie. Majibu Jumatatu."

Mwalimu alikuwa amelala na mpira wa hewa puani. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu kupitia jeraha lile. Mume wake alikaa kitini akiwa ameshika pochi ya mkewe mapajani kwa mikono miwili.

"Nilimcheka," alimwambia Inspekta. "Nilimwambia, bibi mzima unajichora kama ubao wako. Akacheka na yeye." Kisha akauliza, "Ataamka?"

"Daktari anapambana, shemeji. Mimi nami nitapambana kwa upande wangu."

Kabla hawajaondoka, saa nane mchana, akatokea mgonjwa wa nne kwa miguu yake. Alikuwa dobi katika duka la kufulia nguo la mtaa wa pili, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, blauzi yake imenyooshwa kwa pasi hadi mistari ya mikono inakata. Alikunja mkono wa kushoto wa blauzi taratibu. Sehemu ya ndani ya mkono wake ilikuwa na unyayo wa mtoto mchanga, vidole vitano vidogo, mwekundu. Mchoro wote uliinuka juu ya ngozi, mgumu, wenye vinundu vinundu, kama taraza iliyoshonwa juu ya kitambaa.

"Nimesikia redioni habari za mwalimu na wale wengine wawili," alisema. "Na mimi alinichora Sindano. Jumanne hii, saa saba mchana."

"Unajisikiaje?" Inspekta aliuliza.

"Inawasha. Nikikaa juani ndiyo inazidi. Kulala kwenyewe ni kwa kuibia." Alikuwa akijikuna huku akiongea, kwa kifundo cha kidole, si kwa kucha, akizunguka pembeni mwa mchoro bila hata kuutazama. "Mumkamate, Inspekta. Watu wanne si mtu mmoja. Sasa mtatuamini."

Sajini aliandika kila neno. Nje, akakifunga kidaftari kwa kishindo. "Shahidi safi kabisa. Siku anayo, saa anayo. Afande, kesi hii iko wazi kama kiganja."

"Kiganja nacho kina mistari," Inspekta alijibu.

Kufikia saa tisa kundi la watu lilikuwa limesimama mbele ya duka la Sindano, na kioo kimoja kilikuwa kimeshavunjwa. Lilikuwa duka la vyumba viwili vilivyotenganishwa na pazia zito: mbele benchi na michoro ukutani, ndani kiti cha kulalia, taa, rafu ya chupa za wino na mlango wa nyuma. Sakafu ilikuwa safi kuliko ya wodi. Sindano mwenyewe alikuwa jitu la mtu, mikono imejaa michoro hadi kwenye kucha, akitetemeka kama mtoto aliyevunja sahani.

"Miaka kumi na mbili, mama," alisema. "Sindano mpya kila mteja. Wino wangu natoa kwa muuzaji mmoja, kila chupa ina muhuri."

"Chupa nyekundu umeifungua lini?"

"Jumanne hii, saa tatu asubuhi. Ya zamani ilikuwa imeisha."

Inspekta aliichukua kwa glavu akaitia kwenye mfuko. "Nani wa kwanza kuchorwa kwa wino wa chupa hii?"

Sindano alifungua daftari lake la wateja. "Kinyozi wa hapo kona. Saa nne. Mkasi mwekundu begani. Halafu dereva, saa kumi jioni. Mwalimu Jumatano jioni. Mpiga picha jana saa tano asubuhi. Basi."

"Na dobi? Jumanne, saa saba mchana?"

Alipekua ukurasa, akaurudia. "Saa saba sikumchora mtu. Kulikuja mwanamke, ndiyo, akasema anataka kuongeza rangi kwenye mchoro. Nikamwambia akae kwenye kiti nimalizie kuchemsha vyombo. Nikaitwa mbele, niliporudi hayupo. Wateja wengi huwa hivyo, woga unawapanda wakiiona mashine."

"Sura yake?"

"Mimi sura nasahau. Michoro ndiyo sisahau."

"Uongo huo," Sajini alinong'ona.

"Na nani alikuita mbele?"

Uso wa Sindano ulibadilika. "Mfalme. Huyo ndiye wa kumuuliza! Nilimfundisha kazi mwenyewe, akanihama, akafungua duka mtaa wa nne. Alikuja hapa Jumanne kunitukana mbele ya mlango wangu. Adui yangu ni mmoja tu mjini hapa, mama, na ndiye huyo."

Kinyozi walimkuta kazini, ananyoa. Alishusha shati bila kuombwa. Mkasi wake mwekundu begani ulikuwa unabanduka maganda membamba kama kitunguu, na ngozi chini yake ilikuwa njema kabisa.

"Hata kuwasha?" aliuliza Inspekta.

"Kidogo, kama kidonda kinachopona. Mke wangu ndiye anayewashwa, kila akiuona."

Inspekta alisimama barabarani akafikiri kwa sauti, kama alivyopenda. "Saa nne asubuhi chupa ni njema. Saa kumi jioni chupa ni mbaya. Kilichotokea kimetokea katikati."

"Na katikati alikuja Mfalme," alisema Sajini.

Jioni ile Mkuu wa kituo aliwaita. Alikuwa amepigiwa simu nyingi na hakupenda hata moja. "Watu wanataka kuchoma duka lile na mwenyewe akiwa ndani," alisema. "Mwekeni Sindano mahabusu kwa usalama wake. Jumatatu saa kumi jioni nampeleka mahakamani kama huna mwingine. Umenielewa, Inspekta?"

"Nimekuelewa, mkuu. Jumatatu saa kumi."

Mfalme alikuwa kijana maridadi mwenye pete kila kidole. Jumamosi asubuhi aliwapokea kwa tabasamu, na Inspekta alipotaja Jumanne, tabasamu likakauka.

"Nilikwenda, ndiyo. Saa saba na dakika kumi. Alikuwa amewaambia wateja wangu kuwa nachora kama kuku anayeparua. Nikaenda kumwambia mbele ya macho yake."

"Uliingia chumba cha ndani?"

"Thubutu! Alijaa mlangoni pa pazia kama kabati. Tulipigizana kelele robo saa nzima, yeye kanipa uso, pazia kalipa mgongo. Muulizeni muuza magazeti, alisogeza kiti ili aone vizuri."

"Chumba cha ndani kulikuwa na mtu?"

Mfalme alifikiri. "Nilisikia kile kiti kikilia. Kile chake cha ngozi, ukikaa kinalia, ukiinuka kinalia. Kililia mara moja tu."

Inspekta aliinama akatazama rafu yake. "Wino wako mwekundu unanunua wapi?"

"Kwa muuzaji wake huyohuyo. Mwezi huu tuligawana boksi moja, ndiyo utani wa dunia. Tunatukanana, lakini mzigo tunachukua pamoja kwa sababu muuzaji hatoi nusu boksi." Alifungua kitabu chake. "Nimewachora watu sita kwa nyekundu hiyo tangu Jumatatu. Nendeni mkawaone."

Walikwenda. Iliwachukua Jumamosi nzima na Jumapili hadi adhuhuri. Watu sita, mitaa sita, ngozi sita njema. Muuza magazeti naye alithibitisha ugomvi neno kwa neno, na kuongeza mengine ambayo Sajini aliona haya kuyaandika.

"Basi boksi ni zima, na Mfalme hakuvuka pazia," alisema Sajini, amechoka, viatu mkononi. "Amebaki Sindano mwenyewe. Au yule mteja aliyekimbia."

"Aliyekimbia, au aliyemaliza alichojia," alisema Inspekta.

Jumatatu saa tatu asubuhi maabara ilileta karatasi. Ndani ya chupa nyekundu, pamoja na wino, kulikuwa na asidi kali, ile inayotumika kuondoa madoa ya kutu kwenye nguo. Inspekta aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaenda hospitali.

Daktari alikuwa na vioo vinne mezani, kila kimoja na kipande cha ngozi ya mtu.

"Watatu wameunguzwa na kemikali," alisema. "Hilo sasa unalijua. Wa nne ndiye aliyenikesha. Yule dobi hakuunguzwa na kitu. Ana mzio halisi wa rangi nyekundu, kama ulivyo vitabuni. Mwili wake unaipiga vita ile rangi, umeizungushia ukuta wa seli. Na ukuta kama huo haujengwi kwa siku tatu. Ningesema miezi minne au mitano."

"Tatuu mpya hubanduka maganda," alisema Inspekta polepole. "Kinyozi anabanduka. Dereva ana magamba. Yeye ngozi yake haina hata ganda moja. Na anajikuna kwa kifundo."

"Kwa kifundo?"

"Anayewashwa kwa siku tatu hujikuna kwa kucha, daktari, akajitoa damu. Kujikuna kwa kifundo ni kitu mtu hujifunza." Aliinuka. "Mwalimu vipi?"

"Homa imeshuka leo alfajiri. Ameniuliza tarehe. Mkono tutauokoa, vidole viwili sina hakika navyo."

Saa saba mchana Inspekta aliingia duka la kufulia. Lilijaa mvuke, na mashati yalining'inia kwa safu, kila moja na karatasi yake ya namba. Dobi alikuwa anapiga pasi. Kwenye rafu nyuma yake chupa za dawa za madoa zilipangwa kwa majina: damu, mafuta, chai, kutu.

"Mmeshamfunga?" aliuliza.

"Bado. Zima pasi, dada yangu, twende kituoni. Sindano yupo. Nataka mnitazame wote wawili."

Ile chupa ya kutu Sajini aliibeba. Dobi aliitazama ikiingia kwenye mfuko. Alichomoa waya wa pasi, akamalizia kukunja shati la mtu, akaliweka juu ya mengine.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na viti vinne. Sindano aliletwa kutoka mahabusu, ndevu zimechipua. Inspekta alimwomba dobi akunje blauzi.

"Huyu unamjua?" alimuuliza Sindano.

"Simkumbuki." Kisha akauona mkono. Aliinama karibu, na sauti yake ikashuka. "Mchoro naujua. Niliuchora mwanzoni mwa mwaka. Aliniletea karatasi ya hospitali yenye alama ya wino ya mguu wa mtoto. Nilitumia saa tatu kwa vile vidole."

"Si Jumanne iliyopita?"

"Mwanzoni mwa mwaka, mama. Naapa."

Inspekta alimgeukia dobi.

"Daktari anasema hivyohivyo. Ngozi yako inasema hivyohivyo. Jumanne hukwenda kuchorwa. Ulikaa kwenye kile kiti. Mfalme alipokuja na kelele zake, ukainuka, ukafungua chupa iliyokuwa rafuni, ukatia dawa uliyoibeba kutoka kazini. Kisha ukapita mlango wa nyuma. Nimekosea wapi?"

Dobi alikuwa anajikuna, taratibu, kwa kifundo.

"Hujakosea," alisema.

"Kwa nini?"

"Mwanangu aliishi siku mbili," alisema dobi. "Hospitali wakanipa karatasi yenye unyayo wake. Karatasi inachakaa, nikasema niuweke mahali ambapo hautachakaa. Nikachagua nyekundu kwa sababu alizaliwa mwekundu, analia, amekasirika na dunia nzima. Mwezi wa tatu ukaanza kuvimba. Nikienda zahanati naambiwa nisijikune, napewa mafuta. Nikienda kwa huyu, naambiwa ngozi yangu ni chafu. Nyumbani mume wangu akasema ni mawazo, nimekataa kumwacha mtoto apumzike. Mwishowe kuna daktari mmoja akanitazama vizuri, akasema dawa zikishindwa patakatwa. Mnaelewa? Watamkata. Watamtoa mwilini mwangu kwa kisu na kumtupa kwenye ndoo."

Dobi aliufunika unyayo kwa kiganja chake.

"Nikajua mtu mmoja akisema ni mwongo. Wakiwa wanne ni ushahidi. Nilitaka watu wawili watatu wawashwe, waje wapige kelele pamoja nami. Kuwashwa tu, Inspekta."

"Wewe ni dobi," Inspekta alisema kwa upole, lakini hakulegeza. "Unajua dawa ile inafanya nini kwenye pamba. Unavaa glavu mbili ukiishika. Ukaitia mahali ambapo inaingizwa kwa sindano chini ya ngozi ya mtu."

Dobi alifunga macho. "Nilijua," alisema. "Tangu Jumatano nilijua. Nilikuwa nangoja kuona kama nitajuta, na Ijumaa niliposikia redio nikajuta, lakini nikawa nimeshafika mbali." Akafungua macho. "Yule mwalimu ana watoto?"

"Ana mume. Na darasa zima."

Inspekta alimgeukia Sindano. "Anasema alikuja kwako kulalamika."

Sindano alitazama meza. "Wateja ni wengi. Sikumbuki."

"Unakumbuka kila mchoro."

"Nimesema sikumbuki," alisema Sindano.

Saa kumi kasoro dakika tano, Inspekta aliweka jalada mezani kwa Mkuu wa kituo. Sindano aliachiwa kwa mlango wa nyuma.

Kesi ilisikilizwa miezi mitatu baadaye. Kabla ya hapo dobi alipelekwa hospitali chini ya ulinzi, kwani dawa za kudungwa na za kupaka zilikuwa zimeshindwa, na daktari wa ngozi alimkata mwenyewe. Alimwuliza kwanza kama anataka kuagana na mchoro ule, akamwachia chumba kwa nusu saa. Inspekta alisimama nje ya mlango akazuia watu kuingia, hata muuguzi mwenye haraka zake.

Mwalimu alitoa ushahidi akiwa amekaa. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki, sasa anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, na wanafunzi wanasema hati yake imekuwa nzuri zaidi. Aliulizwa na hakimu kama amemsamehe mshtakiwa. "Bado," alisema. "Msinikimbize."

Wa mwisho kupanda kizimbani alikuwa Sindano. Wakili wa utetezi alimuuliza swali moja tu: kama mshtakiwa aliwahi kumwendea, kabla ya siku ya tukio, kumwambia kwamba rangi yake inamdhuru.

Sindano alishika ukingo wa kizimba. Inspekta, aliyekaa safu ya pili, alijua jibu lililomo kwenye maelezo yaliyotiwa saini: sikumbuki.

"Alikuja," alisema Sindano. "Mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia aoge vizuri. Mara ya pili nilimwambia ngozi yake ndiyo mbovu, si wino wangu." Alimtazama dobi. "Mara ya tatu nilikuwa na wateja, nikawaonyesha mkono wake, tukacheka. Kama ningemwambia tu nenda kamwone daktari, tena nikamsindikiza, leo tusingekuwa hapa. Nilikumbuka siku zote, mheshimiwa."

Hakimu aliandika. Dobi alihukumiwa miaka minne, na alipokuwa akisomewa hakuinamisha kichwa. Lakini wakati Sindano anasema yale, mbele ya watu wote, alikuwa amekishika kizimba chake kwa mikono miwili, machozi yanamtoka bila sauti, anaitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu ambaye hatimaye anasomewa barua yake mwenyewe.